Kuitetea hospitali mbele ya serikali ya shirikisho Marekani: mwongozo kamili, kuanzia rasimu ya kanuni hadi ofisi ya mbunge

Hospitali kubwa za Marekani zina idara nzima ya mahusiano na serikali, yenye wanasheria na watu waliozoea korido za Washington. Katika hospitali ndogo kazi hiyo humwangukia mtu ambaye tayari ana kazi yake: msaidizi wa mkurugenzi, mhasibu, muuguzi mkuu, hata mratibu wa wakalimani. Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Waswahili tuliomo kwenye hospitali za huku, wauguzi kutoka Kenya na Tanzania, wakalimani kutoka Kongo na Burundi, mara nyingi tukisikia "sheria za shirikisho" tunajiondoa mapema, tukidhani ni shughuli ya mawakili. Mawakili wana nafasi yao, lakini sehemu kubwa ya kazi hii ni kusoma, kuhesabu na kuwahi tarehe.

Niseme msimamo wangu mapema. Hospitali nyingi hukimbilia Bungeni, zikapiga picha na seneta, kisha zikarudi nyumbani zimeridhika. Wakati huohuo kiasi cha fedha zitakachopokea mwakani kinaamuliwa kwenye kanuni ambazo hakuna mbunge anayezipigia kura. Viwango ambavyo Medicare, bima ya afya ya serikali ya shirikisho hasa kwa wazee, inazilipa hospitali nyingi kwa mgonjwa wa kulazwa hupangwa upya kila mwaka na CMS, wakala unaosimamia Medicare na Medicaid (bima ya umma ya watu wa kipato cha chini) chini ya Wizara ya Afya na Huduma za Jamii. Ukiwa na nguvu ya kufanya jambo moja tu, acha safari ya Washington na uandike barua nzuri ya maoni kuhusu kanuni.

Hatua ya 1: Tafuta tatizo lako limeandikwa wapi

Sheria hupitishwa na Baraza la Wawakilishi na Seneti, kisha Rais akaitia saini. Kanuni hutungwa na wizara au wakala chini ya sheria hiyo, na ikishakamilika ina nguvu ya sheria. Chini ya kanuni kuna nyaraka na miongozo ya kazi ambayo CMS huwapelekea wakaguzi na mawakala wake wa malipo. Tatizo linaweza kuwa limekaa ngazi yoyote kati ya hizo, na ukigonga mlango usio wake utakuwa unatwanga maji kwenye kinu.

Mfano mzuri ni hospitali ndogo za vijijini zinazotambuliwa kama Critical Access Hospital. Mpango huu uliwekwa na sheria ya mwaka 1997. Hospitali ya aina hii haizidishi vitanda 25 vya wagonjwa wa kulazwa, sharti lake la jumla ni kuwa zaidi ya maili 35 kutoka hospitali nyingine, na wastani wake wa muda wa kulaza kwa mwaka hauzidi saa 96. Medicare huilipa asilimia 101 ya gharama zake zinazokubalika. Lakini sheria ina sharti jingine ambalo limewasumbua madaktari kwa miaka: ili hospitali ilipwe, daktari athibitishe kwamba anatarajia mgonjwa ataruhusiwa au kuhamishwa ndani ya saa 96.

Hospitali zililalamika. CMS haikuweza kulifuta sharti hilo kwa sababu limo ndani ya sheria yenyewe, na wakala hana mamlaka ya kufuta maneno ya Bunge. Ilichofanya mwaka 2017 ni kutangaza kwamba kuanzia Oktoba 1 ya mwaka huo wakaguzi wa mafaili watalipa sharti hilo kipaumbele cha chini. Kwa hiyo kuna maombi mawili tofauti na milango miwili: CMS unaiomba iendelee na msimamo huo wa kipaumbele cha chini, mbunge unamwomba afute kifungu. Ukiyachanganya kwenye barua moja, kila upande utasema kwamba suala hilo ni la upande wa pili.

Upande mwingine, makato ya fedha za Medicaid kwa hospitali zinazohudumia maskini wengi, yaliyowekwa na sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 (Affordable Care Act), yameahirishwa tena na tena, na kila mara aliyeyaahirisha ni Bunge. Kuiandikia CMS iyafute ni kupoteza karatasi.

Fanya hivi: chukua malalamiko ya idara yako na uyafuatilie hadi upate namba ya kifungu. Sheria za Medicare ziko kwenye Juzuu ya 42 ya U.S. Code. Kanuni ziko kwenye Juzuu ya 42 ya Code of Federal Regulations: Sehemu ya 412 kwa malipo ya wagonjwa wa kulazwa, 419 kwa wagonjwa wa nje, 482 kwa masharti ambayo hospitali lazima itimize ili ishiriki Medicare, na 485 ambamo ndimo yalimo masharti ya hospitali ndogo za vijijini. Zote zinasomeka bure mtandaoni. Kama hujapata namba ya kifungu, bado hujawa tayari kumwandikia mtu yeyote.

Hatua ya 2: Weka kalenda ukutani

Mwaka wa kanuni una misimu miwili mikubwa. Rasimu ya malipo ya wagonjwa wa kulazwa hutoka kwa kawaida Aprili, kanuni kamili hutoka karibu na Agosti 1, na huanza kutumika Oktoba 1, siku ya kwanza ya mwaka wa fedha wa serikali. Rasimu ya wagonjwa wa nje, pamoja na ile ya malipo ya madaktari, hutoka Julai, hukamilika karibu na mwanzo wa Novemba, na huanza Januari 1. Kwa kanuni za Medicare, sheria inatoa siku 60 za kupokea maoni ya umma. Tarehe na saa ya mwisho zimeandikwa kwenye kurasa za mwanzo za rasimu. Zisome mwenyewe, usitegemee barua pepe ya mtu.

Siku 60 zinaonekana nyingi. Mkurugenzi wa fedha atataka wiki mbili za hesabu, mwanasheria atataka wiki ya kupitia, na mkurugenzi mkuu atakuwa safarini siku unayohitaji saini yake. Hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya mwisho na umpe kila mmoja tarehe yake siku rasimu inapotoka.

Jambo moja la kuangalia kwa makini: Machi 2025 wizara ilifuta sera yake ya tangu mwaka 1971 ya kupokea maoni ya umma hata kwenye mambo ya ruzuku, mafao na mikataba, ambayo sheria ya mwaka 1946 ya utaratibu wa serikali iliyaacha nje. Medicare ina sharti lake lenyewe kwenye sheria, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilisisitiza sharti hilo mwaka 2019 katika kesi ya Azar dhidi ya Allina. Ruzuku hazina kinga hiyo, na masharti yake yanaweza kubadilika bila rasimu kukufikia. Mwenye kitengo kinachoendeshwa kwa ruzuku afuatilie matangazo yake kila wiki.

Hatua ya 3: Soma rasimu bila kuzama

Rasimu ya malipo ya wagonjwa wa kulazwa huweza kupita kurasa elfu moja. Hakuna anayeisoma yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, na anayekwambia ameisoma yote mwombe akusimulie viambatisho.

Anza na muhtasari. Nenda moja kwa moja kwenye uchambuzi wa athari, huko mwisho, ambako CMS inakadiria kila kundi la hospitali litapata au litapoteza asilimia ngapi: za mjini, za vijijini, za kufundishia, zenye wagonjwa wengi maskini. Kisha pakua faili la athari ambalo CMS hulitoa pamoja na rasimu hii, lenye mstari wa kila hospitali inayolipwa kwa mfumo huo. Tafuta yako kwa namba yake ya Medicare yenye tarakimu sita. Hapo utaona takwimu ambazo serikali inadhani ni zako. Zilinganishe na za mhasibu wako. Zikitofautiana, una hoja tayari.

Halafu tafuta kila mahali CMS inaposema inaomba maoni. Sehemu hizo ni dhahabu. Ni mahali ambapo waandishi wenyewe hawajaamua, au hawana takwimu, na hospitali moja yenye mfano mzuri inaweza kuwapa wanachotafuta. Sehemu ambazo wameshaamua ni ngumu kuzigeuza. Hapo omba muda wa mpito au msamaha kwa kundi lako.

Hatua ya 4: Kusanya namba zako, si hisia zako

Kaa na watu watatu: wa fedha, wa wodi, na anayeandaa madai ya malipo. Waulize: tukifanya kama rasimu inavyotaka, nani atafanya nini tofauti, mara ngapi, kwa dakika ngapi, na kwa gharama gani? Anayeandaa madai ndiye anayesahaulika zaidi, na ndiye anayejua kwa nini dai linarudishwa.

Kuna hoja ambazo sisi wenyewe tunazijua kuliko wachumi. Chukua kanuni za lugha chini ya Kifungu cha 1557 cha ile sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010. Kanuni hizo zimeandikwa mwaka 2016, zikabadilishwa 2020, zikabadilishwa tena 2024. Toleo la 2024 linadai mkalimani mwenye sifa, linataka tafsiri ya mashine ipitiwe na mtu mwenye sifa pale matini inapokuwa muhimu, na linataka tangazo la huduma za lugha litolewe kwa angalau lugha 15 zinazozungumzwa zaidi katika jimbo na watu wasiojua Kiingereza vizuri. Mtu wa Washington hajui kwamba mama aliyeandikwa kwenye mfumo kuwa ni "Mswahili" huenda ni wa Kivu, Kiswahili chake ni cha sokoni, na maumivu yake anayaeleza vizuri kwa Kibembe au Kinyarwanda. Mkalimani wa simu akipatikana, dakika tano za mwanzo zinaishia kwenye kuelewana nani anasema nini. Mratibu wa wakalimani akiandika ni wagonjwa wangapi kwa mwezi walibadilishiwa lugha baada ya kusajiliwa, na walisubiri dakika ngapi, hiyo ni taarifa ambayo haipo kwenye jedwali lolote la serikali. Mkalimani anaweza pia kuiandika kwa jina lake mwenyewe, kama mwananchi. Hata asiye raia anaruhusiwa kutoa maoni kuhusu rasimu.

Tahadhari ya faragha: barua za maoni huwekwa hadharani. Usiweke jina, tarehe ya kulazwa, wala kisa ambacho majirani watamtambua mhusika wake. CMS yenyewe haichapishi hesabu ya watu kati ya 1 na 10 kwenye takwimu zake. Fuata kanuni hiyohiyo. Bei za mikataba yenu na kampuni za bima nazo ziache nje.

Hatua ya 5: Andika barua

Barua utaiandika kwa Kiingereza, lakini muundo ni uleule kwa lugha yoyote. Juu weka namba ya jalada. Rasimu ya malipo ya kulazwa ya mwaka wa fedha 2025, kwa mfano, ilikuwa CMS-1808-P. Herufi P inaonyesha ni rasimu, na kanuni kamili ikaja na F. Aya ya kwanza: ninyi ni nani, mko wapi, vitanda vingapi, asilimia ngapi ya wagonjwa wako kwenye Medicare na Medicaid. Aya moja tu. Historia ya mwanzilishi wa hospitali haimsaidii mtu.

Kisha hoja moja baada ya nyingine, kila moja chini ya kichwa cha habari kilichotumika kwenye rasimu. Sababu ni ya kikazi: barua hizi hugawanywa kwa mada, na kila kipande kinapelekwa kwa mtaalamu wake. Hoja iliyofichwa chini ya kichwa kisicho chake inaweza isimfikie anayehusika.

Tazama tofauti. Hivi ndivyo barua nyingi zinavyosema:

"Tunapinga vikali punguzo hili kwa sababu litaathiri huduma kwa jamii yetu."

Na hivi ndivyo hospitali ya mfano, niliyoibuni kwa ajili ya mwongozo huu, ingesema jambo hilohilo:

"Rasimu inakadiria kuwa hospitali za vijijini zitapoteza wastani wa asilimia 0.8. Kwetu sisi hasara ni asilimia 2.9 ya malipo ya Medicare ya dola milioni 14.1, yaani takriban dola 409,000 kwa mwaka. Tofauti inatokana na kigezo cha mishahara cha eneo letu, ambacho kimetumia taarifa za kabla ya hospitali jirani kufungwa. Fedha hizo ni sawa na zamu ya usiku ya wodi ya uzazi, na wodi nyingine ya uzazi iko maili 58. Tunaiomba CMS iweke ukomo wa hasara ya mwaka mmoja kwa hospitali zilizo katika hali hii. Kama CMS itaona haina mamlaka ya kufanya hivyo, tunaomba ieleze sababu."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi. Wakala analazimika kujibu maoni yenye uzito kabla ya kukamilisha kanuni, na jibu lake ndilo mahakama italipima baadaye ikibidi. Ukiuliza swali mahususi, ama unajibiwa ama ukimya unaonekana.

Hili si jambo la nadharia. Mwaka wa fedha 2014, pamoja na kanuni ya "usiku wa manane mara mbili" inayoamua nani ahesabiwe kuwa amelazwa, CMS ilikata asilimia 0.2 ya malipo kwa hoja kwamba wagonjwa wa kulazwa wangeongezeka. Hospitali zilihoji makadirio hayo, kisha zikaenda mahakamani. Mwaka 2015 jaji akaona wizara haikuweka wazi dhana za hesabu ili watu waweze kuzijadili, akairudisha ieleze. CMS ikaliondoa punguzo hilo, na mwaka wa fedha 2017 ikaongeza asilimia 0.6 kwa mara moja kufidia miaka mitatu iliyopita. Punguzo la hospitali za nchi nzima lilianguka kwa sababu watu waliuliza: hesabu hii mmeipataje?

Kisa cha dawa za 340B ni kikubwa zaidi. Mpango huo wa mwaka 1992 unaziwezesha hospitali zinazohudumia wagonjwa wengi wa kipato cha chini kununua dawa kwa punguzo. Mwaka 2018 CMS ilishusha malipo ya dawa hizo kutoka bei ya wastani ya mauzo kuongeza asilimia 6 hadi bei hiyo kutoa asilimia 22.5. Chama cha hospitali cha AHA na wenzake walikwenda hadi Mahakama ya Juu, na Juni 15, 2022 majaji wote waliafikiana kwamba wizara haikuwa na mamlaka ya kutofautisha malipo kwa kundi la hospitali bila kwanza kufanya uchunguzi wa gharama ambao sheria inautaka. Serikali ikaamua kurudisha takriban dola bilioni 9. Hoja iliyoshinda ilitoka kwenye maneno ya sheria yenyewe. Tangu uamuzi wa Loper Bright wa Juni 2024, ambapo Mahakama ya Juu iliacha utaratibu wa kuuachia wakala tafsiri ya sheria isiyo wazi, hoja za namna hii zimepanda thamani zaidi. Kwa hiyo nukuu kifungu, hata kama wewe si mwanasheria.

Barua zinazonakiliwa kutoka kiolezo cha chama? Tuma ukitaka, lakini barua mia moja zenye maneno yaleyale huhesabiwa kama hoja moja. Kiolezo kinafaa kukuonyesha mada. Aya za namba lazima ziwe zako.

Wasilisha kupitia Regulations.gov siku mbili tatu kabla ya mwisho, na uhifadhi namba ya uthibitisho. Kabla hata rasimu haijatoka, na tena kabla kanuni haijakamilika, kanuni kubwa hupitiwa na OIRA, ofisi ndogo iliyo ndani ya Ofisi ya Bajeti ya Ikulu. Mtu yeyote anaweza kuomba kikao nao kupitia Reginfo.gov kanuni ikiwa mezani kwao. Watakusikiliza tu, hawatakujibu, nawe usichukulie ukimya huo kuwa ni dharau.

Hatua ya 6: Bungeni

Ukiwa na namba ya kifungu kutoka hatua ya kwanza, kamati inajichagua. Medicare iko kwa Ways and Means na Energy and Commerce upande wa Wawakilishi, na Finance upande wa Seneti. Medicaid ni Energy and Commerce na Finance. Mambo ya 340B na afya ya jamii ni Energy and Commerce na, Seneti, kamati ya HELP (afya, elimu, kazi na pensheni). Fedha za kila mwaka ni Appropriations. Mbunge wako akiwa nje ya kamati hizo bado ana faida: anaweza kuweka jina kwenye muswada, kusaini barua ya pamoja kwa wizara, au kumpa mwenzake wa kamati swali la kuuliza.

Utakayekutana naye kwa kawaida ni msaidizi wa masuala ya afya, mara nyingi kijana, ambaye pia ana elimu, mifugo na mambo mengine mawili kwenye meza yake. Usimdharau. Memo atakayoiandika ndiyo itakayosomwa. Mpe karatasi moja, pande mbili ikizidi. Juu kabisa ombi lenye namba ya muswada. Chini, namba tatu za hospitali yako, wilaya au kaunti zinazohudumiwa, na idadi ya wafanyakazi, kwa sababu hospitali mara nyingi ndiyo mwajiri mkubwa wa mji.

Kikao chenyewe kina dakika 15 hadi 30. Sema ombi ndani ya dakika mbili za kwanza: "Tunamwomba Mheshimiwa aweke jina kwenye muswada huu." Subiri swali la gharama, maana litakuja. Kila muswada unaosonga hupewa makadirio na CBO, ofisi ya bajeti ya Bunge, na ukionekana una gharama, mtu atauliza fedha zitatoka wapi. Usibuni jibu. Sema utarudi na taarifa, kisha rudi nayo kesho yake.

Miswada mingi haifiki popote, na yote isiyopita hufa Bunge la miaka miwili linapofungwa. Inayofaulu mara nyingi hubebwa ndani ya furushi kubwa. Aina mpya ya hospitali za dharura vijijini, zisizolaza wagonjwa, iliingia kwenye sheria kubwa ya bajeti ya mwishoni mwa mwaka 2020 na kuanza Januari 1, 2023. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 ilipunguza fedha za Medicaid, ikaweka mfuko wa dola bilioni 50 wa afya vijijini kwa miaka mitano, na ikaamua kwamba katika majimbo yaliyopanua Medicaid ihudumie watu wazima zaidi wa kipato cha chini, ukomo wa kodi ambazo jimbo linawatoza watoa huduma ili kuchangia Medicaid utashuka kidogokidogo kutoka asilimia 6 hadi 3.5, kuanzia mwaka wa fedha 2028. Mhasibu mwerevu anaona hapo jambo la kazi: sheria imepita lakini makali yake hayajafika, na Bunge limewahi kuahirisha makato ya namna hii. Anza kukusanya hesabu za 2028 sasa.

Agosti wabunge huwa majimboni. Waalike. Ziara ya saa moja kwenye idara ya dharura ina nguvu kuliko vikao kumi vya Washington, hasa mbunge akimkuta muuguzi anayemweleza kwa nini mgonjwa wa afya ya akili amekaa hapo siku ya tatu akisubiri kitanda kwingine. Panga njia ambayo haipiti kwenye mafaili wala ubao wenye majina, na hakuna picha ya mgonjwa bila kibali chake cha maandishi.

Hatua ya 7: Mipaka ya sheria

Hospitali zisizo za faida zilizosajiliwa chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi zinaruhusiwa kushawishi kuhusu miswada, mradi isiwe sehemu kubwa ya shughuli zao. Zinaweza pia kuchagua kipimo cha fedha cha 501(h): asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi, kisha viwango vinashuka, na ukomo ni dola milioni 1 kwa mwaka. Kwa hospitali kubwa ukomo huo ni mdogo, ndiyo maana nyingi haziuchagui. Kutoa maoni kuhusu kanuni hakuhesabiwi kuwa ushawishi kwa madhumuni ya kodi, sababu nyingine ya kuweka nguvu huko. Kampeni za uchaguzi ni marufuku kabisa: hakuna kumpigia debe mgombea, hakuna mchango wa hospitali, hakuna kumpa mgombea mmoja jukwaa mnalomnyima mwingine.

Sheria ya uwazi wa ushawishi ya mwaka 1995 inaitaka taasisi ijisajili ikiwa ina mfanyakazi aliyefanya mawasiliano ya ushawishi zaidi ya mara moja na kutumia asilimia 20 au zaidi ya muda wake kwenye kazi hiyo ndani ya miezi mitatu, na gharama za taasisi kupita kiwango kilichowekwa, ambacho tangu Januari 2025 ni dola 16,000 kwa robo mwaka. Baada ya hapo kuna ripoti kila robo, tarehe 20 ya Aprili, Julai, Oktoba na Januari. Barua ya maoni iliyo kwenye jalada la umma haihesabiwi humo. Jiwekee daftari la saa tangu mwanzo. Kulijenga upya Desemba ni adhabu.

Fedha za ruzuku ya shirikisho zisilipie ushawishi, wala gharama hizo zisiingizwe kwenye ripoti ya gharama ya Medicare, pamoja na ile sehemu ya ada ya chama inayotumika kushawishi. Hospitali ya kaunti au ya jimbo ina sheria zake za ziada. Muulize mwanasheria wenu. Na chakula usimlipie mtu wa Bunge.

Wafanyakazi wakitaka kuwapigia simu wabunge kwa majina yao, waonyeshe namna, wasilazimishwe. Mwenye viza ya kazi anaruhusiwa kuwasiliana na ofisi ya mbunge, lakini asitoe mchango wa kampeni. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kutoa.

Hatua ya 8: Kanuni ikishatoka

Fungua kanuni kamili na utafute mada yako. CMS huandika muhtasari wa maoni iliyopokea, kisha majibu. Haitakutaja kwa jina, ila utaitambua hoja yako. Angalia mambo matatu: wamebadilisha nini, wamekataa kwa sababu gani, na wameahidi kufikiria nini "katika kanuni zijazo". Ahadi hiyo ndiyo aya ya kwanza ya barua yako ya mwakani. Kanuni kubwa ikitoka, Bunge nalo lina dirisha la kuikataa chini ya sheria ya mwaka 1996, lakini Rais akiwa ndiye aliyeitoa, usitegemee njia hiyo.

Tuma nakala ya barua yenu pamoja na majibu ya CMS kwa msaidizi wa mbunge uliyekutana naye, na kwa chama chenu cha hospitali cha jimbo. Mpelekee na yule wa madai ya malipo aliyekupa namba, umwoneshe ukurasa. Kisha fungua faili jipya, liandike mwaka unaofuata, na umwombe aanze kukuwekea madai yote yatakayorudishwa kuanzia Oktoba 1.